Mwenye kuhesabu haongeleshwi

Asanteni, kaeni tu. Wale walinisikia Nakuru wanajua nitaanzia wapi, mnivumilie, nitaanzia hapo hapo. Leo ni habari ya yule mwenzako wa ofisi anakuja kupiga stori kwa deski yako ukiwa katikati ya hesabu.

Mama yangu aliuza omena soko la Kibuye, Kisumu, miaka mingi. Mteja wa jumla akija anataka gorogoro ishirini, mama hapimi kimya kimya. Anachota, anajaza mpaka inakuwa kilima, anapitisha kiganja juu, anamwaga kwa gunia na huku anaimba ile namba kwa Kijaluo, moja ni achiel, achiel, achiel, haiachi mdomoni mpaka ingine ichukue nafasi yake, ariyo, ariyo, ariyo. Rafiki yake akipita kumsalimia anasimama kando na kikapu chake anangoja. Hakuna mtu alisema mama ana madharau. Soko nzima ilijua mwenye kuhesabu haongeleshwi, juu ukimkatiza akiwa kumi na tatu hakuna mtu tena anajua kama ilikuwa kumi na mbili ama kumi na nne, na hapo kati yao wawili kuna mmoja ataenda nyumbani amepunjwa.

Sasa mnielezee. Hao watu wa soko hawakufundishwa na mtu, na sisi tuna tai na kadi shingoni na hatujui. Kwa nini? Kwa sababu hesabu yetu haisikiki. Niko hapo naangalia skrini nimenyamaza, mwenzangu anafikiri sina kazi. Angesikia kichwa changu kinaimba achiel, achiel, angesimama kando.

Hii nawaambia kila mahali naenda na sitaacha. Kuna mwaka nilikuwa nafanya peiroli, hesabu ya mishahara, mahali fulani, tarehe 27, saa nne asubuhi, naingiza akaunti za watu wapya. Jamaa wa stoo akaja na kikombe cha chai, akaegemea deski, akaanza stori ya mpaka wa shamba lao huko Siaya, vile binamu yake aling'oa miti ya mpaka usiku. Mtu mzuri sana, na stori ni ya ukweli inamuuma. Akachukua stepla yangu, ako anaibonyeza tu hewani huku anaongea, tak, tak, pini zinaangukia zile karatasi, na mimi naitikia ehe, ehe, na vidole vinaandika. Dakika ishirini. Alipoenda nikaendelea pale nilifikiri nimefika, nikatuma.

Akaunti moja niligeuza namba mbili, 45 ikawa 54. Ilikuwa ya soja wa usiku, mwezi wake wa kwanza. Benki ikarudisha pesa, hiyo akaunti haipo, mpaka irudi tuitume tena siku zimeenda. Huyo mzee alikuja kusimama mbele ya hiyo deski yangu, kofia mkononi, akaniuliza polepole kama labda alikosea kitu kazini ndio hajalipwa. Mtoto wake alikuwa ametumwa nyumbani karo. Yeye ndiye alifikiri ana makosa! Jamaa wa stoo hakuwa na habari, na mpaka leo hana. Ndio maana nakasirika watu wakiniambia ah, ni dakika kumi tu, si utamaliza kazi.

Utamaliza, ndio. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, Gloria Mark, na wenzake walichapisha utafiti 2008, wakaona watu wanaokatizwa wanamaliza kazi hata haraka kuliko wengine, lakini wanamaliza kwa presha zaidi na kuchoka roho zaidi. Wanakimbiza. Sasa wewe unataka mshahara wako ufanywe na mtu anakimbiza?

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema sisi sio wazungu, mtu hawezi pita mwenzake bila salamu. Na nani amekataa salamu? Nisalimie, niulize watoto, nitakuuliza pia, mimi mwenyewe asubuhi nazunguka ofisi nzima. Salamu ina mwisho wake. Tulilelewa na methali, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mnaona haikusema mfukuze. Imesema mpe jembe.

Kwa hivyo mimi natoa jembe. Salamu imeisha na kiwiko bado kiko kwa deski yangu, nasema ndugu yangu, shika hii listi unisomee akaunti moja moja, mimi niangalie kwa skrini. Kuna wale wanakumbuka wana kazi kwao, wanaenda kwa amani, hakuna aliyetukanwa. Na kuna wale wanavuta kiti wanasoma kweli, na macho manne yanashika kosa ambalo mawili yamepita. Ile 45 ingeshikwa hapo hapo. Jaribuni hii tarehe 8, wakati makato ya mishahara, PAYE ya kodi na SHIF ya afya na NSSF ya uzeeni, zote zinakungoja kesho yake, mtaniambia.

Mengine nitapitia mbio mbio naona naonyeshwa saa. Kiti cha ziada kando ya deski, toa. Iafoni masikioni mimi sizipendi, mtu anaona umemfungia mlango kabla abishe. Na kuna yule anakaa sana kwa sababu nyumbani kuna matanga ama kuna vita, huyo utamjua, stori yake inazunguka tu haifiki. Huyo usimpe jembe. Mwambie saa saba twende lanchi, na saa saba uende naye, simu uache kwa mfuko.

Nilikuwa na kitu kuhusu WhatsApp ya ofisi, hiyo tuache.

Swali? Dada wa blauzi ya kijani. Eeh, na kama ni bosi ndiye anakaa? Hilo swali huwa linakuja. Bosi humpi listi akusomee. Mwambie bosi, niko katikati ya hesabu, nikimaliza huu ukurasa nakuja kwako. Sema ukiwa umemwangalia, kidole kiko kwa ule mstari umefika, aone. Halafu ukimaliza huo ukurasa, dada, uende kweli. Usipoenda, kesho yake hatakuamini.