Munaniuliza kila video: huko Ulaya unakulaka nini jioni?

Jambo ba ndugu, ba mama, ba dada wa Bukavu, na nyie wa Goma wenye munafuata hii chaneli. Leo niongee kitu kimoja tu, ju kila nikiweka video swali ni ileile: "Dada, jioni unakulaka nini? Na mbona kila mara ni chakula ya nusu saa, sombe umeisahau?" (Sombe ni ile mboga ya majani ya muhogo.) Nazisomaka zote. Wengine munauliza kwa upendo, wengine munaandika kabisa ati nimekuwa muzungu, ati naonyesha jiko ya umeme ili ba mama wa makala waone wivu. Hapana. Sijisifu na silalamiki, naeleza tu vile niko naishi hapa Bruxelles.

Umeme huku haukatiki, ni kweli, lakini unalipwa. Kila mwezi unatoa pesa ya kutangulia, alafu mara moja kwa mwaka wanapiga hesabu, na kama ulipitisha kiasi unaletewa fakturi ya kumalizia. Ile yangu ya mwisho ilimeza pesa nilikuwa nimeiweka pembeni ya minerval, pesa ya masomo, ya mudogo wangu, na nyumbani wakasema nimekuwa mugumu wa mukono. Iliniuma sana, bado inaniuma. Na juu ya hiyo kuna karte ya kukaa, inaisha, unarudi komini, ofisi ya serikali ya mutaa, wanakuambia karatasi moja inakosa, unangoja na annexe 15, karatasi ya muda, mukononi, na kazini patroni anaigeuza-geuza kama vile umeiandika mwenyewe nyumbani. Sasa mutu anatoka huko, watoto wako na njaa na wanalala saa mbili, atawasha moto wa masaa matatu na nguvu gani?

Basi napikaka hivi. Thomson, ile samaki ya barafu, naitoa asubuhi naiweka ndani ya frigo, pa chini, jioni imeyeyuka. Naikata vipande vitatu, chumvi, ndimu, alafu naifuta maji na karatasi mpaka ngozi inakauka, hapo ndipo siri yote iko. Mafuta yawe ya moto kweli. Ukishalaza samaki usiiguse! Ngoja dakika nne hivi, ngozi itajiachia yenyewe. Ukiivuta mbele ya saa inabaki kwenye sufuria. Pembeni kitunguu, nyanya, pilipili moja nzima bila kuipasua, samaki inaingia mwisho kabisa. Mboga ni epinari, hiyo na lengalenga ni ukoo mumoja, ila hii ina maji mengi, kwa hiyo naikamua kwa mukono na naipika dakika tatu tu. Bugali sitafundisha mutu wa Bukavu, niseme tu semule ya mahindi ya hapa iko na punje kubwa, inakunywa maji zaidi, iache ichemke kidogo mbele ya kuisonga.

Siku ingine ni nyama. Ile ya mifupa naiachia siku ya yenga, jumapili, ju inaomba masaa. Katikati ya juma nanunua ya kusaga, ama kipande bila mifupa nakikata vyembamba kukatiza nyuzi, moto mukali, nyama kwanza mpaka inapata rangi, naitoa, kabichi na karoti kwenye sufuria ileile, narudisha nyama. Kabichi ibaki na kelele kwenye meno. Kuku pia, mapaja, lakini hiyo munajua.

Sombe sasa. Sijaisahau, jamani. Inapatikana Matonge, kule Ixelles, ya barafu, imeshasagwa. Lakini sombe haina njia ya haraka na siwezi kuwadanganya: majani ya muhogo yako na sumu yake ya asili, ni kutwanga na kuchemsha sana bila kufunika ndiyo inaitoa. Mwenye anawaonyesha sombe ya dakika kumi na tano, musimufuate. Kwangu ni ya likizo.

Na wale wanasema "si tukutumie ya kwetu": mama mudogo alikuja na nyama ya kukauka na kifungu ya lengalenga, watu wa dwane, ba forodha, wakatupa vyote mbele yake, mutu muzima analia uwanja wa ndege, hiyo sitaisamehe leo. Lakini sheria iko hivi: nyama na maziwa kutoka kwetu haviingii, na tangu mwisho wa 2019 mboga na matunda mabichi vinaomba cheti ya afya ya mimea, isipokuwa ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Samaki ndiyo inaruhusiwa, mpaka kilo 20 kwa mutu, kama imetolewa matumbo ama imekaushwa. Kwa hiyo sambaza, zile samaki ndogo za ziwa Kivu, inapita!

Haya ni yangu mimi, nyumba yangu, masaa yangu ya kazi. Wa Canada ama wa Ufaransa wako na yao, na mwenye anafanyaka kazi ya usiku apange vingine. Ila mwenye anakuja huku karibuni na iko na nafasi kwa valizi, aniandikie. Sambaza ikauke kabisa, ifungwe mara mbili, mafuta ya samaki isiguse nguo za mutu.