Mtungi Haukuzuia Boti Kujaa

MWANAISHA: Haya, karibuni tena. Tuko darini hapa Langoni, mkisikia punda analia ndio Lamu hiyo. Athman, wiki hii vijana watatu wameniuliza: mfumo umekuwa mzito, tuweke kache, yaani majibu yaliyowekwa karibu kwa muda, au tuongeze replika, yaani nakala ya hifadhidata kwenye seva nyingine?

ATHMAN: Mimi huwauliza kwanza, faharasa, ile orodha ya kutafutia data haraka, mmeiangalia? Mara nyingi hifadhidata inasoma jedwali zima mstari kwa mstari, ndiyo maana inakwama. Hapo kache ni kuficha uchafu chini ya mkeka.

MWANAISHA: Tuseme wameiangalia.

ATHMAN: Basi twende Shela. Maji ya mji huu yanatoka visima vya kule kwenye michanga. Nyumbani una mtungi. Huo ndio kache: unachota bila safari, ukivunjika kisima kipo. Replika ni kisima cha pili…

MWANAISHA: Hapo mfano wako unavuja, bwana. Kisima cha pili hakifuati cha kwanza. Replika inafuata kila kinachoandikwa kwenye seva kuu. Hifadhidata ya PostgreSQL hutiririsha mabadiliko hayo tangu toleo la 9.0, mwaka 2010. Sasa futa jedwali kwa bahati mbaya uone: replika nayo inalifuta! Watu hudhani wana akiba, kumbe wana makosa mawili yanayofanana.

ATHMAN: Haya, umenitoboa mtungi.

MWANAISHA: Simulia ile ya boti.

ATHMAN: Lo! Mfumo wa tiketi za boti, Mokowe hadi Lamu. Ukurasa ulikuwa unajikokota, nikaweka kache ya Redis. Nauli, saa za kuondoka, nafasi zilizobaki, vyote vikae humo dakika 5 bila kuulizwa upya. Mambo yakawa moto moto. Tatizo, hata hatua ya kuuza ilikuwa inasoma humo humo. Ijumaa moja, boti ya watu 20, nikauza tiketi 26.

MWANAISHA: Ungetumia replika je?

ATHMAN: Ningepunguza aibu, nisingeimaliza. Kwa kawaida seva kuu haiisubiri replika, kwa hiyo yenyewe inakuja nyuma: milisekunde kadhaa siku njema, sekunde nzima na zaidi mtandao ukisumbua. Kiti cha mwisho kinauzwa mara mbili katika muda huo. Nafasi huulizwa seva kuu, ndani ya muamala ule ule unaouza. Basi.

MWANAISHA: Mimi hutazama maswali yenyewe. Watu 1,000 wanauliza nauli ile ile, hiyo kazi ya kache. Kila mtu akiulizia safari zake mwenyewe, kache itakosa kila mara, hapo replika ndiyo inabeba mzigo. Na kama usingizi hauji kwa kuogopa seva kuu kufa usiku, kache haitakutuliza; hapo pia ni replika.

ATHMAN: Kache yenyewe ikizimika saa ya watu wengi, maswali yote yanaiangukia hifadhidata kwa mpigo. Jaribuni kuizima makusudi, mchana, mkiwa macho.

MWANAISHA: Mwisho ulifanyaje?

ATHMAN: Nauli na saa nimeziacha kwenye kache, tena kwa saa nzima. Nafasi nikazitoa. Wale 6 niliwakodia boti nyingine, mfukoni mwangu. Kuna mama mmoja hadi leo tukikutana sokoni huniita kwa sauti: “Mwanangu, leo umebakisha nafasi ngapi?”