Kijana, Hadithi na Aliyekaa Naye

Assalamu alaykum wazee wangu, walimu wangu, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma. Hofu ya kwamba hadithi zinawaharibu vijana haikuja na simu.

Mwaka 1774 mwandishi Mjerumani Goethe alichapisha riwaya ya Werther, kijana anayejiua kwa penzi lisilowezekana. Vijana wa Ulaya wakavaa kama yeye, koti la buluu na kizibao cha manjano, na mji wa Leipzig huko Ujerumani ukakipiga marufuku kitabu pamoja na mavazi hayo.

Kisa cha Marekani ndicho kinachoniuma zaidi. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alidai kwamba vitabu vya katuni vinawafanya watoto kuwa wahalifu. Kamati ya Seneti ikamsikiliza, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali mwaka huohuo. Miaka karibu 60 baadaye mtafiti Carol Tilley alipekua makabrasha ya Wertham, akakuta maneno ya watoto yamebadilishwa. Msichana wa miaka 13 aliyetolewa mfano alikuwa mtoro wa nyumbani, yumo katika genge, na kusoma kwenyewe kunampa taabu. Daktari hayo aliyanyamazia. Shida za mtoto wa watu zikafichwa nyuma ya katuni!

Lakini nisieleweke kwamba maandishi hayana nguvu. Sisi watu wa Lamu hatuwezi kusema hivyo. Mwana Kupona, naye mgonjwa, alimtungia bintiye utendi mnamo 1858 kwa kuwa aliamini beti humlea mtu. Na ziliwalea wengi, pamoja na ule utiifu kwa mume ambao, kwa maoni yangu, umepita kiasi. Ila zilikuwa beti za kughaniwa, watu wanasikia. Msichana asiyeelewa aliweza kumuuliza mama au shangazi, na asiyekubali alionekana usoni.

Leo kijana anasoma peke yake chini ya shuka. Akimaliza hadithi ya ukatili, programu inamletea nyingine ya namna ileile, na nyumba nzima haijui amesoma nini. Upweke huo ndio unaonitia hofu, kuliko hadithi yenyewe.

Kwa hivyo wazazi, msikimbilie kunyang'anya simu. Mwambie mwanao akusomee sura moja kwa sauti leo baada ya isha. Usimkaripie, msikilize mpaka amalize, kisha muulize yule jambazi wa hadithi amempendea nini.