Android Studio imekwama ikifungua projekti? Usiifute kwanza

Hamjambo, karibuni tena. Leo natumia laptopi ya Windows yenye RAM ya GB 8, na projekti nimeifungua kwenye Android Studio, programu ya kutengenezea app za Android, tangu nilipokwenda kuchemsha chai. Chai nimeshakunywa. Tazameni hapa chini kulia: kimstari kinapita na kurudi, Gradle sync haiishi. Gradle ndiyo inayokusanya vipande vya projekti na kuvijenga kuwa app, na sync ni pale inapoviandaa.

Najua wengi wenu hapa mnafanya nini. Mnaiondoa Android Studio na kuipakua upya. Hiyo ni zaidi ya GB 1 ya bando, na ukimaliza unakuta tatizo liko pale pale. Vitu vya Gradle vinakaa kwenye folda ya .gradle, ndani ya folda yenye jina lako kwenye Users, na kuondoa programu hakuigusi folda ile.

Kwanza bofya menyu yoyote. Ikifunguka kama hivi yangu, Android Studio ni nzima, inasubiri kitu tu. Kazi yetu ni kujua inasubiri nini. Kama dirisha zima limepauka na menyu haifunguki, ruka sehemu hii, twende tukakutane kwenye RAM.

Funga Android Studio. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, ndani ya folda ya projekti, uandike:

.\gradlew help

Hapa Gradle inasema yenyewe kinachoendelea. Yangu imeandika Downloading, ikifuatiwa na gradle-8.7-bin.zip, halafu vidoti viwili vitatu, kimya. Kumbe ni intaneti! Zip hiyo ina zaidi ya MB 100, na bando langu lilikata katikati.

Sasa fungua .gradle, kisha wrapper, kisha dists, kisha gradle-8.7-bin. Ndani kuna folda yenye jina la herufi zilizovurugika, usilihangaikie jina hilo. Ifungue. Mnaona? Faili moja linaishia na .part, hilo ni zip iliyopakuliwa nusu. Jingine linaishia na .lck, hilo ni kufuli. Bonyeza Ctrl na C kule PowerShell, futa yote mawili. Windows ikikataa, kuna Gradle nyingine bado imeyashikilia. Izime kwanza, nitaonyesha namna. Kisha rudia ile amri, ianze kupakua upya.

Kama mtandao wako ni wa kuvizia, mwombe mwenzako zip ya toleo hilohilo kwa flashi. Iweke humuhumu kwenye folda ya herufi zilizovurugika, jina lisibadilike hata nukta, wala usiifungue. Rudia ile amri. Gradle ikiikuta hapo haiendi kupakua, inaikunjua yenyewe. Maktaba za projekti bado zitahitaji mtandao, lakini mzigo mkubwa umeshautua.

Intaneti ni nzuri na bado inakwama? Kama laptopi imewahi kutumia mtandao wa chuo au ofisi wenye proksi, yaani kompyuta ya kati inayopitisha intaneti, fungua faili la gradle.properties lililo ndani ya .gradle. Mistari inayoanza na systemProp.http.proxyHost au systemProp.https.proxyHost, iwekee # mbele. Wewe ulishahama, Gradle bado inabisha hodi nyumba ya zamani.

Haya, RAM. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc ifunguke Task Manager, utafute OpenJDK Platform binary. Ukiziona mbili tatu, mara nyingi hizo ni Gradle zilizobaki zikielea. Isipopewa kazi, moja hukaa saa 3 kabla ya kujizima. Andika .\gradlew --stop. Amri hiyo huzima za toleo la projekti hii tu, za matoleo mengine zizime kwa End task.

Kisha fungua gradle.properties ya projekti yenyewe, tazama org.gradle.jvmargs. Namba inayofuata -Xmx hapo ni kikomo cha RAM ambayo Gradle inaruhusiwa kutumia. Kuna mtu alinakili -Xmx6g mahali akaibandika kwenye laptopi ya GB 8, halafu akashangaa kipanya hakisogei. Mtu huyo ni mimi. Weka -Xmx2048m.

Invalidate Caches, iliyo kwenye menyu ya File, mimi naiacha mwisho kabisa. Inalazimisha faharasa zote, yaani orodha ambazo Android Studio hutumia kutafuta vitu ndani ya kodi, zijengwe upya, na kama tatizo ni bando, umejiongezea kusubiri bure.

Ngoja turudi PowerShell. Asilimia 80... 90... inakunjua zip... BUILD SUCCESSFUL. Sasa ndiyo nafungua Android Studio.