Advansi ya Roketi

MPWA: Haya, karibuni tena. Tupo palepale, bandani kwa mjomba, Majengo, kwa hiyo mkisikia bodaboda mjue hatujaziweka sisi. Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mama. Leo umekuja umenuna.

MPWA: Sijanuna. Kuna vijana wawili pale chuoni, UDOM, wanakaa chumba kimoja na hawasalimiani tangu juzi. Sababu ni Kerbal Space Program 2.

MJOMBA: Bado tu? Si gemu ya 2023 hiyo?

MPWA: Hiyohiyo. Mmoja anasema wanunuzi waliibiwa. Mwenzake anamjibu: uliandikiwa dukani kwamba haijakamilika, ukasoma, ukalipa, sasa unalia nini?

MJOMBA: Huyo wa pili ana akili.

MPWA: Nilijua tu. Wewe si unakula advansi za watu.

MJOMBA: (anacheka) Sili, nachukua. Nisipopewa nusu ya pesa, kioo cha laptopu nitakiagiza Kariakoo kwa maombi?

MPWA: Ngoja kwanza, wapo wasiolijua gemu lenyewe. Unaunda roketi, unawapakia vijitu vya kijani, unawarusha. Utamu wake ni kwamba fizikia haikuonei huruma. Ukiongeza mafuta, chombo kinakuwa kizito, kikiwa kizito kinataka mafuta zaidi. Unalipuka mara ishirini, ya ishirini na moja unatua mwezini, unapiga kelele usiku wa manane hadi jirani anagonga ukuta.

MJOMBA: Na la kwanza lilitengenezwa Mexico, na Squad, kampuni ya mambo ya matangazo kabisa. Nalo liliuzwa bichi! Lilianza kutoka 2011, likatangazwa kukamilika Aprili 2015. Miaka minne watu wanacheza kitu nusu, na hakuna aliyegombana na mwenzake chumbani.

MPWA: Hapohapo, mjomba, usipite haraka. Lilianza kwa bei gani?

MJOMBA: Chini sana.

MPWA: Halafu?

MJOMBA: Ikapanda kadiri lilivyokomaa.

MPWA: Basi hiyo ndiyo hoja yangu yote. Kule Kagera kuna kitu wanaita butura. Kahawa ingali maua mtini, mkulima ana shida ya ada ya shule, anaiuza. Serikali inaipiga marufuku kwa sababu mkulima anapunjwa. Lakini tazama jambo moja: mnunuzi wa butura analipa kidogo kwa sababu yeye ndiye anabeba hatari. Mvua ikikataa, hasara yake. Sasa hawa wa roketi walitaka mnunuzi abeba hatari ya maua, halafu alipe bei ya kahawa iliyokaushwa. Dola 49.99! La kwanza, limekamilika, lilikuwa 39.99.

MJOMBA: Abebe.

MPWA: Eti?

MJOMBA: "Walitaka abebe." Umesema abeba. Hasira hizo.

MPWA: (anacheka) Haya, abebe. Na abebe nini? Lilitangazwa Agosti 2019, likaahidiwa 2020. Likasogezwa, likasogezwa. Studio ya kwanza ikanyang'anywa kazi katikati, ikaundwa nyingine kule Seattle, Intercept Games. Likatoka Februari 24, 2023. Makoloni hakuna. Safari za nyota nyingine hakuna. Kucheza na wenzako hakuna. Hata ile hali ya sayansi, ya kukusanya utafiti ili ufungue vipuri vipya, ambayo kwenye la kwanza ilikuwemo, hakuna.

MJOMBA: Mimi iliyonimaliza ni joto. Chombo kinarudi kutoka angani kwa kasi ile, kinaingia kwenye hewa, na hakiungui! Kinashuka baridi kama maji ya mtungini. Sasa ile ngao ya joto unaifunga ya nini, urembo? Na zile video za wiki ya kwanza: roketi ndefu, inayumba kama bua la uwele kwenye upepo wa Chamwino.

MPWA: Kumbe tuko upande mmoja.

MJOMBA: Hatuko. Ubovu naukubali, wizi ndio siukubali. Na hiyo butura yako ina tundu. Kuna gemu nyingine, Baldur's Gate 3. Nalo ni mwendelezo, nalo liliuzwa mapema, Oktoba 2020, sura ya kwanza tu ndiyo ilikuwemo, na bei ilikuwa kamili, dola 59.99. Maua kwa bei ya kahawa, si ndiyo? Agosti 2023 likakamilika, likabeba tuzo karibu zote za mwaka. Mbona hao huwaiti wezi?

MPWA: ...

MJOMBA: Msikilizaji, amenyamaza. Weka tarehe.

MPWA: Nafikiria. Sawa, bei peke yake haitoshi, nakubali. Lakini angalia nani ameshika mpini. Larian, wenye Baldur's Gate, walikuwa wanalitengeneza na kulitoa wenyewe. Akisema "tutamaliza", anayesema ndiye anayeamua. Intercept walikuwa mali ya Take-Two, kampuni kubwa ya magemu ya Marekani. Yule aliyekuwa anakuja mbele ya kamera kutuonyesha ramani ya makoloni na nyota hakuwa na uwezo wa kuizuia ofisi yake isifungwe. Na ndivyo ilivyokuwa. Desemba 2023 wakatoa apdeti nzuri, sayansi ikaja, joto likaja, watu wakaanza kupatana. Mwaka 2024 notisi ya kupunguza wafanyakazi ikapelekwa serikali ya jimbo la Washington: watu 70, Seattle. Juni kikatoka kiraka cha mwisho. Kimya.

MJOMBA: Na dukani likabaki.

MPWA: Likabaki linauzwa! Mafundi wameondoka, duka liko wazi. Hapo yule wa "uliandikiwa" ananijibu nini? Kilichoandikwa ni kwamba kazi inaendelea.

MJOMBA: Hapo sina la kumtetea. Kiwanja ambacho hakitapimwa, usiniuzie kama kinachosubiri kupimwa.

MPWA: Sema hivyo kwa sauti, uko Dodoma.

MJOMBA: (anacheka) Dodoma yenyewe si iliuzwa mapema? Mwaka 1973 tuliambiwa makao makuu yanahamia huku, miaka kumi itatosha. Serikali imeanza kuhama kweli 2016. Baba yangu alinunua kiwanja akisubiri. Tuliosubiri tumekuwa na subira ya ajabu, ndiyo maana nyie watoto mkilia miezi kumi na sita nawashangaa.

MPWA: Babu alirudishiwa pesa?

MJOMBA: Nani amrudishie?

MPWA: Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, angalau wanarudisha, ila uwe umecheza chini ya saa mbili, ndani ya siku kumi na nne. Na gemu hili, mjomba, saa mbili zinaisha bado unatafuta roketi isimame wima. Ukijua kwamba halijakaa sawa, muda umepita.

MJOMBA: Hilo nalo kweli. Halafu kadi yenyewe ya picha, ile ya kuchorea gemu kwenye kioo. Walitaka angalau RTX 2060, wakapendekeza 3080. Laptopu zinazopita mezani hapa, nyingi hazijawahi hata kusikia hilo jina. Kwa hiyo hata kugombana kwenyewe ni kwa wenye nazo.

MPWA: Wale wawili wa chuoni wanachangia mashine moja. Ndiyo maana kulala wakiwa wamenuniana ni kazi. Niwaambie nini?

MJOMBA: Yule anayelia mwambie ana haki kuanzia 2024. Kabla ya hapo alikuwa anasubiri kama sisi wengine.

MPWA: Nitamwambia kuanzia siku ya kulipa.

MJOMBA: Mwambie unavyotaka, ni rafiki yako. Tufunge, kuna mteja.

MPWA: Kabla hujafunga. Kibodi ya laptopu yangu?

MJOMBA: Iko njiani. Ijumaa.

MPWA: Ijumaa iliyopita ulisema Ijumaa.