Diego Garcia: kwanini walitaka kisiwa kisicho na watu

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na nyie vijana mliosimama huko ukutani asanteni kwa kuja, viti havijatosha ila tutabanana hivohivo. Sina utangulizi mrefu, naomba twende kwenye ramani. Weka kidole Dar es Salaam halafu vuta kwenda mashariki bila kupanda wala kushuka, unapita visiwa vya nje vya Shelisheli, unaendelea weee mpaka kama kilomita 3,600 hivi, unakuta kisiwa chembamba cha matumbawe kimejikunja kuzunguka bahari yake ya ndani. Hicho ndo Diego Garcia, kilipo kambi ya jeshi la Marekani. Latitudo yake ni nyuzi 7 na kitu kusini, yani ukiileta huku kwetu inaangukia katikati ya Dar na Mafia. Kwa hiyo ni jirani yetu huyo, ukitoka Dar ukashika mashariki moja kwa moja ndo unamkuta, na wengi wetu tumemaliza mpaka chuo hatujawahi kumsikia.

Ni kikubwa kuliko visiwa vyote vya Chagos, ambavyo viko karibu 60, lakini ardhi yake yenyewe haifiki hata kilomita za mraba 30. Na kwenye kaukanda hako kuna njia ya kurukia ndege yenye urefu wa zaidi ya mita 3,600, ndege yoyote ya jeshi la Marekani inatua pale na kuruka ikiwa imejaa mafuta na mabomu. Mwaka 1991 ndege za mabomu za B-52 zilitoka pale kwenda kupiga Iraq. Mwaka 2001 baada ya Septemba 11, B-52 na B-1 zilikuwa zinatoka pale kwenda Afghanistan, zaidi ya kilomita 4,500 kwenda tu, ndege za kubeba mafuta zinawajazia hukohuko angani wanarudi. 2003 Iraq tena, safari hiyo na B-2 zile zisizoonekana kwenye rada zikiwemo. Na mwishoni mwa Machi 2025, B-2 sita zikapelekwa pale wakati Marekani inawapiga Wahouthi wa Yemen. B-2 kwa kawaida hulala Missouri huko katikati ya Marekani, kwa hiyo ukisikia zimesogezwa Diego Garcia ujue kuna mtu anatumiwa ujumbe.

Ila ndege ndo zinaonekana kwenye picha tu, kazi ya kambi ni zaidi ya hapo. Ile bahari ya ndani ina kina cha kutosha meli kubwa kutia nanga, na miaka yote zinakaa pale meli zimesheheni vifaru, risasi, mafuta, dawa, vipuri, kila kitu cha brigedi ya vita. Vita ikianza askari wanapandishwa ndege bila mizigo, mizigo inawafuata kwa meli kutoka karibu. Kuna darubini za kufuatilia vitu vinavyozunguka angani. Na kuna kituo cha GPS, hapa naomba vijana mnisikilize vizuri, satelaiti za GPS zinahitaji vituo vya ardhini vya kuzichunguza na kuzirekebisha, na Diego Garcia ni kimojawapo. Yani bodaboda anavyokufuata mpaka geti kwa ramani ya simu, sehemu ya ile hesabu imepita kwenye hicho kisiwa. Halafu kuna mambo ya giza, mwaka 2008 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, David Miliband, alisimama bungeni kwao akakiri kwamba 2002 ndege mbili za Marekani zilizobeba watu waliokamatwa zilitua pale, baada ya serikali yake kukanusha kwa miaka.

Sasa swali langu la leo. Kwanini pale? Jibu la haraka ni kwamba kiko katikati, unaifikia Ghuba, unaifikia Asia, unaifikia Afrika. Ni kweli. Lakini mimi nasema hiyo ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine, na kwa maoni yangu ndo kubwa, ni kwamba walitaka sehemu ambayo hakuna mtu wa kuwauliza kitu.

Rudini miaka ya 1950 mwishoni. Afrika na Asia zinaamka, kila mwaka bendera mpya. Jeshi la maji la Marekani lilikuwa na afisa mipango anaitwa Stuart Barber, yeye akaona mbali: hizi kambi tulizonazo kwenye nchi za watu zitaondoka, nchi zikijitawala watatufukuza au watatupandishia bei, kwa hiyo tutafute visiwa vidogo vilivyo mbali, vyenye watu wachache, tuvishike kabla havijapata uhuru. Na hakukosea hesabu. Libya baada ya Gaddafi kuchukua nchi Wamarekani walifungasha kambi ya Wheelus mwaka 1970. Ethiopia, kituo cha Kagnew pale Asmara, ambayo siku hizi ni Eritrea, kilifungwa 1977. Ufilipino bunge lao la seneti lilipiga kura Septemba 1991, 12 kwa 11, kura moja tu, kambi kubwa ya Subic ikaondoka. Ona sasa Diego Garcia. Hakuna seneti, hakuna gazeti, hakuna mama anayekuja getini kulalamikia kelele za ndege. Miaka zaidi ya 50 kambi haijatikisika.

Shida moja tu. Watu walikuwepo.

Na hawa watu ni wa kwetu, nataka mlibebe hili. Wafaransa kwenye karne ya 18 mwishoni walianzisha mashamba ya minazi kule, wakapeleka watumwa kutoka Msumbiji na Madagaska. 1814 visiwa vikahamia kwa Waingereza pamoja na Mauritius, utumwa ukafutwa, watu wakabaki, vizazi na vizazi wanafua nazi, wanakausha mbata, wanakamua mafuta, wana kanisa lao, makaburi yao, lugha yao ya Krioli. Wazee wa Mafia na Pangani mliopo hapa kazi ya mbata mnaijua, hakuna haja niwaelezee. Maisha yalikuwa magumu, mwenye shamba ndo mwenye kila kitu, sitaki kuyapamba, lakini palikuwa kwao.

8 Novemba 1965 Uingereza ikavikata visiwa vya Chagos kutoka Mauritius, miaka miwili na ushee kabla Mauritius haijapata uhuru wake 1968, ikavifanya koloni jipya. Fikiria, 1965, wakati Afrika inatoka ukoloni wao wanaanzisha koloni jipya. Mauritius ikapewa pauni milioni 3. Mwaka uliofuata, 30 Desemba 1966, wakasaini na Marekani, miaka 50 na nyongeza ya 20, na bunge la Marekani halikuambiwa kwamba malipo yalifichwa kwenye punguzo la dola milioni 14 kwenye makombora ya Polaris ambayo Waingereza walikuwa wananunua. Na ili Umoja wa Mataifa usiulize, maafisa wa London wakapanga waseme hakuna wakazi wa kudumu, ni vibarua wa mkataba tu. Ipo memo ya mwaka 1966 ya wakubwa wa Wizara yao ya Mambo ya Nje, humo watu hawa wanaitwa akina Tarzan, yule mtu wa porini wa kwenye hadithi. Imeandikwa na watu wasomi, kwenye karatasi ya serikali.

Kuna kitu kimoja kinaniumiza kila nikikisoma. Wakati huohuo walikuwa wanakitolea macho pia Aldabra, hiki kiko karibu kabisa na sisi, leo ni cha Shelisheli. Aldabra kuna kobe wakubwa wale wa maajabu. Wanasayansi wa Uingereza na Marekani wakapiga kelele kwamba kambi itaua kobe, barua, magazeti, mpaka bungeni, na pesa nazo zikawa zimebana London, mpango ukafa 1967. Kobe walipata watetezi na nafurahi walipata, lakini watu wa Diego Garcia hawakupata hata mmoja kwa sababu hakuna aliyeambiwa wapo.

Kuondolewa kulianza polepole, waliokwenda Mauritius kutibiwa au kusalimia ndugu kuanzia 1968 wakaambiwa hakuna meli ya kurudi, kisiwa kimeuzwa. Chakula na dawa zikapunguzwa. 1971 wanajeshi wajenzi wa Marekani wakashuka, na mkuu wa jeshi la maji, Admirali Zumwalt, kwenye karatasi akaandika maneno machache tu kwamba hao watu lazima kabisa waondoke. Kabla ya kuwapakia watu wakaanza na mbwa wao. Gavana wa Shelisheli, Sir Bruce Greatbatch, aliamuru mbwa wote wauawe, wakaishia kuwafungia kwenye banda la kukaushia mbata wakawaulia na moshi wa magari, watoto wanasikia. Halafu watu wakapandishwa kwenye meli ya Nordvaer, sanduku moja tu la vitu, wakashushwa Port Louis na Shelisheli. Mpaka 1973 visiwa vyote vilikuwa vitupu. Walioondolewa ni kati ya 1,500 na 2,000.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, mwalimu, bahari inahitaji ulinzi, meli za mafuta zinapita, bora Marekani kuliko mwingine. Sawa, tubishane hilo siku nyingine na kwa heshima. Lakini tusichanganye mambo mawili, kuweka kambi na kufukuza watu. Guam, kisiwa cha Marekani huko Pasifiki, kuna kambi kubwa na watu wanaishi, Okinawa ya Japani hivohivo. Leo hii pale Diego Garcia wanaishi maelfu ya wanajeshi na vibarua, wengi wa vibarua ni Wafilipino, wanakula, wanalala, wana maji na umeme, halafu mzaliwa wa pale ndo anaambiwa kisiwa hakikaliki. Yule Barber mwenyewe aliyebuni wazo lote, uzeeni, mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliandika barua akisema kuwaondoa wale watu halikuwa jambo la lazima kijeshi. Walitakiwa waondoke kwa sababu mtu anayeishi mahali ana haki ya kuuliza, basi.

Na Afrika haikukaa kimya, hili nalisema kwa fahari. 1971 Sri Lanka ilipeleka Umoja wa Mataifa hoja kwamba bahari ya Hindi iwe eneo la amani, bila kambi za mataifa makubwa, na nchi iliyoungana nayo kuileta hoja ile ni Tanzania. Ilipita tarehe 16 Desemba, kura 61 za ndio, hakuna ya hapana, 55 wakajizuia, mwaka uleule wajenzi wa kambi wamefika kisiwani. Haikutekelezwa mpaka leo. 1996 tukaandika Mkataba wa Pelindaba wa kuzuia silaha za nyuklia Afrika nzima, Chagos imo kwenye ramani, Uingereza ikasaini itifaki zake lakini ikasema kwamba haikubali Chagos iingizwe humo.

Kilichosogeza jambo ni wenyewe Wachagosi. Mmoja wao, Olivier Bancoult, alishinda mahakamani London mwaka 2000 kesi ya kupinga kufukuzwa kwao, 2004 serikali ikatumia amri ya malkia kufuta ushindi ule bila kupitia bungeni, 2008 majaji wa ngazi ya juu wakaipa serikali ushindi 3 kwa 2. Mauritius ikaipeleka mbele zaidi, na Septemba 2018 kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki pale The Hague, Umoja wa Afrika ukasimama, Kenya ikasimama, Zambia, Nigeria, Botswana, Afrika Kusini. Mama mmoja, Liseby Elysé, akatoa ushahidi kwa Krioli kupitia video, jinsi alivyopakiwa melini akiwa na mimba na alipojifungua mtoto akafariki. Tarehe 25 Februari 2019 rais wa mahakama, Abdulqawi Yusuf, Msomali, akasoma maoni ya ushauri ya mahakama: kuikata Chagos hakukuwa halali, Uingereza imalize utawala wake haraka iwezekanavyo. Majaji 13 kwa 1. Aliyepinga ni jaji wa Marekani.

Mnaona tulipofika. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius wakasaini mkataba unaosema visiwa viwe vya Mauritius, lakini Diego Garcia ikodishwe miaka 99, wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Asubuhi ya siku ileile wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia walienda mahakamani London kuzuia, wakapata zuio la masaa machache, likaondolewa, mkataba ukasainiwa. Wachagosi wenyewe wamegawanyika, kuna wanaosema angalau, kuna wanaosema tumeuzwa mara ya pili na mezani hatukuitwa, na mimi siwezi kuwalaumu upande wowote. Mkataba unaruhusu watu warudishwe Peros Banhos na visiwa vingine vya kule. Diego Garcia kwenyewe, ambako ndo kulikuwa na watu wengi na makaburi mengi, hapana, mpaka hizo 99 ziishe.

Haya, maikrofoni izunguke, naona mkono wa bibi pale nyuma, tuanze na yeye.