Bosi wa mwisho na shoka la darajani

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu, kutoka hapa Dodoma. Kaka Yohana yupo mbele yangu kama kawaida, na mada tuliyowaahidi wiki iliyopita tumeiahirisha, kwa sababu juzi usiku, nikiwa kwa dada yangu huko Nkuhungu, nilimaliza gemu ya video ya Elden Ring, na namna ilivyokwisha imenikera kiasi kwamba siwezi kuzungumzia jambo jingine.

YOHANA: Mbukwenyi nyote. Wasikilizaji wa siku nyingi wanajua jinsi dada Neema anavyoisifu gemu hii, kwa hiyo aliponipigia simu usiku ule nilitarajia kusikia furaha, lakini nikasikia malalamiko. Hebu waeleze. Nikumbushe pia kwamba kijana mmoja anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma ametuomba mambo matatu yatakayomsaidia kutengeneza bosi wa mwisho, yaani adui mkubwa wa kumalizia, wa gemu yake, na tumeyaandika tayari. Tutayasoma kabla ya kumaliza.

NEEMA: Tutayasoma. Pambano la mwisho la gemu hiyo, iliyotoka mwaka 2022, lina mabosi wawili wanaofuatana. Wa kwanza ni Radagon, anayepigana kwa nyundo, naye ni bosi wa haki kabisa: anakufuata, mapigo yake yana mpangilio unaoweza kujifunza, na kila unapouawa unajua sababu yake. Ukimshinda anatokea Elden Beast, ambaye mara nyingi unapomfikia na kumpiga kidogo huteleza na kwenda upande wa pili wa uwanja, nawe unabaki kumkimbilia kwa miguu. Huyo wa pili akikuua, unarudishwa kwa Radagon. Nilipomwangusha hatimaye niliweka pedi chini na kwenda kunywa maji, kwa sababu kilichokwisha kilikuwa uchovu wangu.

YOHANA: Lakini kwa haki ya watengenezaji, mwaka 2024 walitoa sasisho linalomruhusu mchezaji kumtumia farasi wake, Torrent, katika pambano hilo.

NEEMA: Ninalifahamu, ila dada yangu anacheza kwa diski na hajawahi kutumia bando kwa ajili ya masasisho. Hata hivyo, sasisho hilo linaunga mkono hoja yangu. Kwa saa nyingi sana gemu ilinifundisha kumsoma adui aliyesimama mbele yangu, kisha mwishoni ikanipima kwa kukimbizana. Linganisha na Sekiro ya mwaka 2019, ambayo imetoka kwa watengenezaji haohao. Bosi wake wa mwisho, Isshin, anaanza na upanga, kisha anaongeza mkuki na bastola, kisha anakuja na radi. Ukiutazama mkuki ule vizuri, unagundua kwamba ulikwisha kufundishwa mapema sana jinsi ya kuukanyaga. Radi nayo ulikwisha kufundishwa kuipokea ukiwa hewani na kuirudisha kabla miguu haijagusa ardhi. Kwa hiyo hatua yake ya mwisho, ambayo inatisha kwa macho, ndiyo inayokupa silaha ya kummaliza, mradi ulijifunza. Mimi nikimshinda bosi wa namna hiyo najisikia kwamba gemu imenitambua.

YOHANA: Sehemu hiyo ya radi naikubali bila kusita, na Portal 2 ya mwaka 2011 ilifanya jambo linalofanana nalo bila upanga wowote. Katikati ya gemu unasikia maelezo kwamba rangi nyeupe inayopitisha matundu ya kusafiria imetengenezwa kwa mawe ya mwezini, na unayachukulia kama kichekesho tu. Mwishoni paa linabomoka, mwezi unaonekana, na wewe mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, unaelekeza juu bunduki yako ya kufungulia matundu hayo.

NEEMA: Hapo umenisaidia.

YOHANA: Nimekusaidia nusu, kwa sababu sikubali kwamba kupima ujuzi ndiyo kazi kuu ya bosi wa mwisho. Chukua Gwyn wa Dark Souls, ya mwaka 2011. Gemu nzima inamtaja kama bwana mkuu aliyewapiga mazimwi kwa radi, na unapomfikia unamkuta mzee aliyeungua, radi hana tena, na upanga wake unawaka kwa moto uliommaliza mwenyewe. Kila mtu anajua kwamba ukiweza kulikwepesha pigo lake kwa ngao kwa wakati unaofaa, anabaki wazi, na pambano linaweza kwisha haraka. Na muziki wa Motoi Sakuraba, pale unapotarajia ngoma na kwaya, ni piano peke yake, nyepesi kama ilimba, kile kinanda chetu cha vidole gumba, inayopigwa baada ya wachezaji wote kuondoka uwanjani. Mimi nilimshinda bila shida na nikakaa kimya muda mrefu. Kama angekuwa mgumu kama Isshin, maana yake ingepotea, kwa sababu gemu inataka uone kwamba mtu yule alikwisha kufa kabla hujafika.

NEEMA: Gwyn anaheshimika kwa sababu kilichomtangulia kilikuwa kigumu. Lakini ukiruhusu kanuni hiyo, kila mtengenezaji aliyeshindwa kubuni pambano zuri atasema kwamba alitaka tuhuzunike.

YOHANA: Atasema hivyo, nasi tutamwambia kwamba hatukuhuzunika. Katika Metal Gear Solid 3, ya mwaka 2004, unapigana na mwalimu wako katika shamba la maua meupe, na baada ya kumshinda gemu inakuachia wewe ubonyeze kitufe cha kumpiga risasi. Kitendo hicho hakihitaji ustadi wowote, na ndicho watu wanachokikumbuka. Tena ukitaka ushahidi wa zamani zaidi, tazama Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ile tuliyoicheza wote kwa kaseti. Bowser, bosi wake, si lazima umpige. Unapita, unagusa shoka lililo mwisho wa daraja, daraja linakatika na yeye anatumbukia kwenye lava.

NEEMA: Kaka Yohana, shoka lile si pambano. Ni njia ya kulikwepa pambano.

YOHANA: Kwa kipimo chako mwenyewe ni pambano kamili! Umesema bosi apime kile ambacho gemu imefundisha. Mario amefundishwa kukimbia na kuruka, na daraja lile linamtaka akimbie na kuruka, huku mbele yake kuna adui anayetema moto na kurusha nyundo.

NEEMA: Swali hilohilo limeulizwa mara nane. Gemu ina dunia nane, na ngome ya kila moja, kuanzia ya kwanza, inaishia kwenye daraja na shoka. Bosi wa mwisho anatakiwa kuuliza jambo ambalo wale wa mwanzo hawakuliuliza.

YOHANA: Na anauliza. Katika dunia za mwanzo anatema moto tu, katika ya sita na ya saba anarusha nyundo, na katika ya nane anafanya yote mawili kwa pamoja, baada ya wewe kupita ngome yenye njia za kukupoteza. Tena ukiwapiga kwa mipira ya moto wale saba wa kwanza, kila mmoja anageuka na kuwa adui mdogo aliyejificha ndani ya umbo la Bowser. Wa nane peke yake ndiye Bowser wa kweli. Hayo ni maandalizi ya bosi wa mwisho kabisa, yamefanyika mwaka 1985, bila sentensi hata moja ya maelezo.

NEEMA: Ugunduzi huo ni mzuri, nakubali, lakini anaupata yule tu aliyefika na mipira ya moto. Aliyefika na mwili mkubwa bila moto anaweza kumwingia Bowser makusudi, akaumia na kuwa mdogo, kisha katika muda ule mfupi ambao Mario anamemeta na hadhuriki, akapenya na kugusa shoka. Hakuruka chochote. Hakusoma nyundo hata moja. Je, huyo naye amejaribiwa?

YOHANA: Amelipa. Mwili ule mkubwa aliutunza katika njia yote ya ngome, na kuutunza ndiko kulikohitaji ustadi.

NEEMA: Kulipa si kushinda. Ndiyo maana tulipozungumzia Batman: Arkham Asylum, ya mwaka 2009, tulikubaliana sote bila mabishano kwamba Joker, adui wa Batman, aliyegeuzwa jitu hakustahili kuwa mwisho, kwa sababu gemu ile ilitufundisha kunyatia na kupanga, halafu ikatuletea misuli.

YOHANA: Pale tulikubaliana kwa sababu tofauti. Wewe ulisema haikupima kunyatia. Mimi nilisema Joker ni mtu wa maneno na hila, na kumfanya jitu ni kumwondoa Joker katika pambano lake mwenyewe. Ukimbakiza katika mwili wake mdogo, hata kama utamwangusha kwa ngumi moja, mimi nimeridhika.

NEEMA: Mimi sitaridhika. Ngumi moja baada ya safari yote ile!

YOHANA: Fundi mitambo anatuonyesha saa, na wanakwaya wanaorekodi baada yetu wamekwisha kufika mlangoni. Ile orodha ya yule kijana?

NEEMA: Haisomeki tena, kwa sababu jambo la kwanza tuliloandika lilikuwa kwamba bosi apime ujuzi, na wewe umelipinga kwa kipindi kizima. Tutamtumia mazungumzo haya kama yalivyo, aamue mwenyewe.

YOHANA: Na asisahau shoka.

NEEMA: Kama lava ndiyo iliyomuua Bowser, niambie mchezaji amefanya nini.

YOHANA: Amevuka daraja lililolindwa, na kuvuka ndiyo gemu yenyewe.

NEEMA: Sikubali hata kidogo. Wasikilizaji, wiki ijayo tunarudi kwenye ile mada tuliyowaahidi, isipokuwa kama kaka Yohana atalitaja tena shoka.